Shajara ya mradi wa sumukuvu Kongwa: makapi ya karanga yanaishia wapi

MACHI

Mvua imekata. Huku Kongwa, mkoani Dodoma, msimu ni mmoja, mvua zinaanza Desemba zinamaliza Aprili zikijitahidi sana, na mwaka huu zilianza vizuri tu alafu Februari zikasimama, sasa karanga ndo ziko kwenye kujaza ganda na udongo umekauka mpaka unapasuka. Mkulima anahesabu magunia anayopoteza. Sisi wa mradi tunaona na jambo jingine juu ya hilo, maana yule fangasi tunayemfuatilia, Aspergillus flavus, anapata nafasi yake hasa kwenye mmea ulioteswa na jua. Karanga inakomaa ndani ya udongo na fangasi mwenyewe anaishi kwenye udongo huohuo, kwaiyo joto likizidi na mmea ukakosa maji ile kinga ya mbegu inashuka, ganda linapata ufa, wadudu wanatoboa, na fangasi anaingia kabla jembe halijagusa shamba. Ndo maana kila kikao nasisitiza kwamba sumukuvu, yaani ile sumu anayoitengeneza fangasi huyo (aflatoksini), sio jambo la ghala peke yake.

Karanga na Kongwa wametoka mbali. Waingereza walianzisha mashamba yao makubwa ya karanga hapahapa 1947, na matrekta yao, na 1951 wakaachia kwa sababu udongo uliwashinda na mvua haikutosha. Wenyeji wameendelea kulima kwa jembe la mkono na kwa ng'ombe mpaka leo, na kwa kina mama wengi karanga ndo ada ya shule, ndo sabuni, ndo kila kitu.

Mradi wenyewe kwa kifupi: tupo watu wachache wa chuo, tunashirikiana na maafisa ugani na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye vijiji kadhaa vya wilaya. Kaya za vijiji vya kwanza zinapata turubai za kuanikia, mafunzo ya kuchambua, mashine za mkono za kubangulia na mifuko isiyopitisha hewa, vijiji vingine wanavipata vilevile msimu ukiisha, na katikati tunapima sumu kwenye karanga na kwenye damu za watoto. Hatukubuni kitu kipya sana. Kule Guinea, Afrika Magharibi, kuna utafiti ulitoka 2005 uliofanyika kwenye vijiji 20, nusu walifundishwa kuchambua, kuanika kwenye mikeka badala ya udongo, kutumia magunia ya katani na kuyaweka juu ya mbao, na miezi mitano baada ya mavuno kiwango cha sumu kwenye damu za watu wao kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine. Vitu vya kawaida kabisa. Mimi utafiti ule ndo uliniingiza kwenye kazi hii.

Na sababu ya kuwa hapa na sio kwingine kila mtu wa kanda ya kati anaijua. Katikati ya 2016 watu walianza kuumwa Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa, Kiteto, macho yanageuka manjano, tumbo linajaa, wanatapika, na mwanzo ukaitwa ugonjwa wa ajabu, wengine wakataja uchawi. Ilikuwa mahindi yenye sumukuvu. Wagonjwa 68 walihesabiwa na 20 walifariki, na wengi walikuwa watoto. Kenya ilishawapata 2004, wagonjwa 317 na vifo 125, mahindi hayohayo ya nyumbani. Hiyo ni sumu ikija kwa wingi kwa mara moja. Ile inayokuja kidogokidogo kila siku kwenye uji na mboga haitangazwi redioni, ila ndo inayoleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B sumu hiyohiyo inakadiriwa kuwa na nguvu hadi mara 30 zaidi. Watoto wanaokula sana sumukuvu tafiti za Benin na Togo zimewakuta ni wafupi kuliko wenzao, na hapahapa Kongwa kumeshafanyika utafiti mkubwa wa vyakula vya watoto wachanga kuangalia jambo hilohilo.

APRILI MWISHONI

Uvunaji umeanza. Mbukwenyi nyingi asubuhi (ndo salamu ya Kigogo), nyumba kwa nyumba, tunakabidhi turubai.

Kuhusu kuanika, nimeona tofauti kubwa ndani ya kitongoji kimoja. Kaya moja wameng'oa wakageuza mashina maganda yakaangalia juu, jua na upepo vinapita, siku chache ukichukua ganda ukalitikisa karibu na sikio unasikia punje inagonga ndani. Jirani yake kalundika tuta kubwa pembeni ya shamba majani juu, ukiingiza mkono katikati kuna joto na unyevu, na ganda ukilitikisa halisemi kitu. Wote walivuna wiki moja, mbegu ni ileile Pendo. Yule wa tuta sio mvivu, shamba lake liko mbali na aliogopa mbuzi na wezi, kwaiyo alitaka ahamishe mzigo kwa mkupuo mmoja siku akipata mkokoteni. Ukimwambia tu "anika vizuri mzee" hujamsaidia chochote. Tumekubaliana na mwenyekiti wa kitongoji kwamba ule mkokoteni wa kikundi uzungukie kwanza wenye mashamba ya mbali.

Turubai zinapendwa, ila nyingine nimeshaziona zimeezeka banda la kuku. Sijamlaumu mtu. Ntaomba ziongezwe.

MEI

Mwezi huu nimejifunza kuhusu vidole.

Kwenye dodoso letu lilikuwepo swali la kulowesha karanga kabla ya kubangua, na karibu wote walijibu hapana, maana wanajua jibu tunalolitaka. Alafu siku moja tumefika kwa mama mmoja mapema kuliko alivyotegemea, tukakuta beseni kubwa la karanga na maganda yake zimelala kwenye maji tangu usiku. Hakuficha. Kaweka kigoda tukae, akanyoosha mkono wake wa kulia, dole gumba ngozi imepasuka pembeni ya ukucha mpaka nyama inaonekana, kidole cha shahada vilevile, akaniuliza, "Dokta, wewe ushawahi kubangua gunia zima kwa vidole?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, gunia likiwa kavu linamchukua siku na siku, watoto wakitoka shule wanasaidia na wao wanaumia, akilowesha usiku asubuhi maganda yamelainika anamaliza upesi na mnunuzi anapita Jumamosi. Na mnunuzi anapima kwa kilo, maji yana uzito, kwaiyo hata akilalamika bado ananunua.

Sasa fikiria kinachotokea. Karanga iliyokauka vizuri inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 7 hivi, chini ya hapo fangasi analala. Ukiilowesha umemwamsha, alafu inabanguliwa, inamwagwa ndani ya kiroba cha plastiki ikiwa mbichimbichi, inafungwa, inakaa kwenye chumba chenye joto ikisubiri Jumamosi. Kazi yote ya kugeuza mashina na turubai inapotea usiku mmoja, na sababu yake ni dole gumba la mama.

Kwaiyo mashine ya kubangulia sio nyongeza ya mradi, ndo mradi wenyewe, na nimeandika hivyo kwenye ripoti ya robo. Hizi tulizoleta ni za mkono, unasukuma mpini mbele na nyuma, karanga zinasuguliwa juu ya wavu, maganda na punje vinaanguka chini unapepeta. Hazitaki umeme wala dizeli. Tabu yake ni wavu, usipoendana na ukubwa wa mbegu zinavunjika, na punje iliyovunjika ngozi ndo mlango mwingine wa fangasi. Fundi wa kuchomelea pale Kibaigwa ametutengenezea nyavu za matundu tofauti, na kina mama wanajua wenyewe upi unafaa kuliko hata sisi. Mashine inakaa kwa mama mwenye kikundi na kuna zamu, na zamu zinagombaniwa, na mimi kugombaniwa kwa zamu nakuchukulia ni habari njema.

Yule mama wa beseni sasa hivi ndo anayefundisha wenzake. Anawaonyesha kile kidole kwanza.

JUNI

Maabara. Hapa ntaeleza kirefu kidogo kwa sababu kila wiki kuna mtu analeta kiganja cha karanga kwenye bahasha anataka nimwambie kama ni salama, na wengine ni wafanyabiashara wanaotaka karatasi ya kuonyesha.

Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi na karanga ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, wenyewe tunaita ppb 10, na kwa ile kali zaidi, B1, ni 5. Kupima kwenyewe sio kugumu. Unasaga, unapima unga kwenye mizani, unaweka kimiminika cha methanoli na maji, unatikisa, unachuja, unachovya kikaratasi, unasubiri mistari, mashine inasoma. Kijana aliyemaliza fomu four tumemfundisha na anafanya vizuri sana. Ugumu wote uko kabla ya hapo, kwenye kuchukua sampuli.

Sumukuvu haijakaa sawasawa ndani ya gunia. Punje elfu kadhaa zinaweza kuwa safi kabisa alafu moja imebeba mzigo wote. Kuna punje za karanga zimewahi kupimwa mojamoja zikakutwa na zaidi ya ppb 1,000,000. Piga hesabu: punje ya nusu gramu yenye ppb 1,000,000 ina maikrogramu 500, itupie ndani ya kilo 5 za karanga ambazo hazina sumu hata kidogo, saga zote pamoja, unapata ppb 100, yaani mara 10 ya kikomo, na ni punje moja. Sasa wewe umenichotea kiganja kutoka juu ya gunia. Uwezekano mkubwa hiyo punje haimo kwenye kiganja chako, kikaratasi kitasema safi, na utakuwa umebeba cheti cha kiganja unamuuzia mwenzio gunia.

Kwaiyo tunachoma bambo, kile chuma cha kuchotea ndani ya gunia, juu, katikati, chini, magunia tofauti, tunachanganya, tunasaga YOTE, alafu ndo tunachukua kidogo cha kupima. Inachosha, blenda zinaungua, na wenye karanga wanalia tunawamalizia mali (tunawalipa kilo zao kwa bei ya soko, hilo halina mjadala). Na viganja vya kwenye bahasha sipimi, hata anilete nani. Kipimo kibaya ni hatari kuliko kutokupima, maana asiyepima anaendelea kuwa na wasiwasi na anachambua, aliyeambiwa safi anaacha.

Kwa sasa matokeo yanaenda upande tuliotarajia, kaya zilizobangua kavu na kuchambua zinasoma chini, zilizolowesha zinasoma juu na zinapishana sana zenyewe kwa zenyewe. Namba kamili ntaziweka msimu ukishafungwa na damu za watoto zikishasomwa, sio kabla.

Mahindi nayo yameanza kuingia Kibaigwa. Nilipita sokoni. Pale watu wanaikumbuka Machi 2021, Kenya iliposimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ikafungua baada ya siku chache kwa masharti ya cheti na kile kikomo cha 10. Malori yalisimama, na tangu hapo hata mbeba magunia anajua neno sumukuvu. Tulifundisha kipimo cha chumvi, unachukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, unaweka mahindi na chumvi iliyokaushwa vizuri juani, unatikisa dakika chache, unaacha itulie, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Sio maabara ila ni bure.

Swali la dona na sembe limenibana tena kwenye kikao cha kliniki. Kukoboa kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa maana nyingi iko kwenye ganda na kiini, lakini ndo vitamini pia vinaondoka. Msimamo wangu: ukiwa na mahindi uliyoyachambua mwenyewe punje kwa punje kula dona kwa amani, ya kununua ambayo hujui yametoka wapi koboa, na pumba zake usimpe ng'ombe wa maziwa.

JULAI

Hapa ndo moyo wa jambo, na ni kitu ambacho kwenye andiko la mradi kilikuwa na sentensi moja tu.

Tumefundisha kuchambua. Wanachambua vizuri mno, wanakaa kwenye mkeka chini ya mti na barakoa usoni, zilizosinyaa huku, zenye rangi ya kijani au nyeusi huku, zilizotobolewa huku, zilizovunjika huku. Kuchambua kwa macho na mkono kunaondoa sehemu kubwa ya sumu iliyokuwa kwenye gunia, hilo linajulikana. Na nzuri zinafungwa zinaenda sokoni zina bei. Ila ile sumu haijapotea hewani, imehamia yote kwenye lile rundo dogo la pembeni la punje mbovu, ndo tunaloliita makapi. Tulipima makapi hayo na mashine ilifika mwisho wa uwezo wake wa kusoma.

Lile rundo linaenda wapi?

Nimezunguka na swali hilo mwezi mzima. Kwanza linabaki nyumbani. Anayeuza nzuri anakula mbaya, ndo desturi ya umaskini kila mahali. Makapi yanatwangwa yanakuwa unga wa karanga wa kuungia mlenda na majani ya kunde, na ukishatwanga huoni tena rangi wala tundu, na unga huohuo unachotwa kijiko unawekwa kwenye uji wa mtoto wa miezi minane kwa sababu mama ameambiwa kliniki karanga ni lishe, na kweli ni lishe. Pili wanapita wanunuzi wa makapi, bei ya chini, yanasagwa yanauzwa mjini kwenye vifuko vidogo vya unga. Tatu kuku. Mahindi mabovu yanaenda kwenye pombe.

Na kupika hakusaidii. Hii sumu inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, sufuria ya mboga haifiki hata karibu ya hapo.

Yaani tusipoangalia mradi kama wetu unaweza kumsafishia chakula mnunuzi wa mbali na kumkusanyia sumu mtoto wa mkulima. Nimeliandika hivyohivyo kwa wafadhili na narudia hapa, nataka lisomwe.

Tumejadili njia na wanakikundi. Kukamua mafuta ilionekana nzuri, sumu nyingi inabaki kwenye mashudu na sio kwenye mafuta, sawa, lakini mashudu yanaliwa na mifugo. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo, Uingereza 1960 bata mzinga kama 100,000 walikufa na chanzo kikawa mashudu ya karanga kutoka Brazil kwenye chakula chao. Ng'ombe naye akila anaitoa kwenye maziwa ikiwa imebadilika kidogo kuwa M1, na mama anayenyonyesha vilevile, kwaiyo inarudi kwa mtoto kwa mlango mwingine. Mbolea ya mboji wengine walipendekeza, mimi naogopa tunarudisha fangasi shambani kwa mkono wetu.

Aliyetatua ni mchoma matofali. Alikuwa amekuja kununua maganda ya karanga ya kuwashia tanuru, akasikia mjadala, akauliza kwani hayo makapi si yana mafuta, yatawaka kuliko maganda. Ni kweli kabisa. Na tanuru la matofali linapanda mamia ya nyuzi kupita hapo ambapo sumukuvu inavunjika. Tumejaribu, yamechanganywa na maganda na pumba za mpunga, yamewaka vizuri sana, na hakuna anayekula tofali. Tulichowaomba ni wavae barakoa wakati wa kumwaga, kwa sababu ya vumbi.

Kinachobaki ni bei. Mchoma matofali analipa kama kuni, mwenye kuku na msagaji wa vifuko wanalipa zaidi ya hapo, na mimi siwezi kumwambia mama mwenye watoto watano achague bei ya chini kwa kuwa kuna kitu hakioni kwenye punje. Bibi mmoja kwenye kikao aliliweka wazi, "Mwanangu, sumu unasema haionekani, lakini hela naiona." Kwaiyo ile tofauti ya bei lazima mtu ailipe. Kwa sasa mradi ndo unafidia, ila mradi una mwisho.

AGOSTI

Mambo ya msimu ujao, kwa harakaharaka.

Tumeomba Aflasafe kwa ajili ya sehemu ya mashamba. Ni punje za mtama zilizokufa zilizopakwa fangasi ndugu wa yuleyule ila wa asili ya hapahapa nchini wasiotengeneza sumu, unamwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya mmea kutoa maua, kilo 4 kwa eka, wanawahi nafasi wale wabaya wanakosa pa kukaa. Inataka udongo wenye unyevu ndo iote, na kwa mvua zetu za kukatakata lazima tuwe na stoo vijijini mapema, sio kusubiri lori kutoka mjini. Haiondoi kazi ya kukausha.

Nyavu za mashine, fundi ameomba malipo ya awali, nimeidhinisha.

Kliniki tunabadilisha maneno ya somo la uji wa lishe. Badala ya "weka karanga" iwe "weka karanga ulizochagua wewe mwenyewe zikiwa nzima, kabla hazijatwangwa", na wahudumu waonyeshe kwa vitendo kwenye sahani, nzima huku, mbovu huku. Unga wa vifuko usiojua umetoka wapi usiwekwe kwenye uji wa mtoto chini ya miaka miwili.

Na bei ya makapi. Nimeandikia halmashauri pendekezo kwamba kwenye ushuru wa mazao unaokusanywa kwenye karanga, sehemu ndogo irudi kijijini kununua makapi kwa bei ya mnunuzi wa kuku, yakabidhiwe kwa wachoma matofali mbele ya afisa ugani na yaandikwe kwenye daftari. Hesabu nimeambatanisha, sio pesa nyingi ukilinganisha na gari moja la mahindi likirudishwa mpakani. Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama na mchoma matofali wote wamekubali kwenda kuongea wenyewe kwenye kikao, na nimewaombea nauli.